Pamba ya Amissi

Jumanne asubuhi Fadhila alikuwa barazani kwake Buyenzi anachambua mchele, polisi alipomletea karatasi ya mahakama. Iliandikwa kwamba mumewe Amissi, mbeba magunia katika ghala la kahawa la Zone Industrielle, afike Alhamisi saa tatu kujibu shitaka la kuwa mwanachama wa kundi lililopigwa marufuku.

"Baba Yasmina alishakufa," Fadhila akasema. "Leo ni siku ya kumi na moja."

Polisi akaisoma karatasi upya. "Hapa banaandika Amissi. Weka kidole, mama."

Akaweka kidole.

Amissi alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na mtaa wa Kamenge. Mwaka ule wa 1996 askari walikuwa na kipimo chao: wanakuvua shati, wanatazama bega. Bega lenye sugu ni bega la mkanda wa bunduki, yamekwisha. Amissi alikuwa na sugu ya miaka kumi na tisa ya kubeba kahawa, nene kama kisigino. Siku ya kwanza walimvunja vidole kwa kitako cha bunduki. Siku ya pili walimpiga rungu za kichwa, na kabla ya adhuhuri akafa. Fadhila alimwosha mwenyewe, kama mke anavyoruhusiwa. Alimtia pamba puani, masikioni na kinywani, akamfunga taya kwa kitambaa. Hakulia. Alikuwa na hasira ya kutafuna mawe, wallahi, na machozi hayakupata pa kupita.

Alhamisi Amissi akafika. Alikuja kwa miguu kutoka makaburini, sanda imejaa udongo, akapanga foleni na washitakiwa wenzake. Fadhila alikwisha kumtangulia, maana alimjua: mume huyu hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Karani wa mahakama, Népomuscène, alimdai kitambulisho. Fadhila akamjibu kwamba kilibaki kwa askari waliomuua. Karani akaguna, akamwonyesha Amissi benchi la tatu, akamkemea kwa kuchafua sakafu iliyopigwa deki asubuhi ileile.

Fadhila alitaka kitu kimoja tu: mumewe aachiwe, arudi akalale. Mtu aliyebeba magunia miaka yote ile ana haki ya kujinyoosha, jamani.

Jaji akamuuliza Amissi kama ni mtu wa kundi. Amissi kimya. Akauliza mara ya pili, kimya.

"Karani, andika: mshitakiwa amekataa kujibu."

Fadhila akaruka. "Bwana jaji, hajakataa! Iko pamba mu kinywa. Ni mi nilitia."

"Basi itoe, mama. Nina faili thelathini leo."

Fadhila akafungua kitambaa, akaivuta pamba. Ilitoka ndefu, nyeusi kwa damu. Amissi akajaribu taya lake mara mbili tatu, likalia.

"Mi nabeba kahawa," akasema. "Hii bega ni ya kahawa. Balinipiga rungu ku kichwa mpaka nikakufa."

"Hiyo haimo kwenye faili," jaji akasema, wala hakuwa na ukali. "Unakaa wapi sasa?"

"Ku makaburi."

"Jirani yako nani?"

Amissi hakujua kusema uongo, na kufa hakukumfundisha. "Ni Vainqueur. Balimupiga risasi Kamenge." Wiki ile maiti zilikuwa nyingi, na wachimba kaburi waliwalaza watu walivyofika, Muislamu ubavuni mwa Mkristo.

Mwendesha mashitaka akainuka taratibu. Huyo Vainqueur, akasema, aliuawa bunduki ikiwa mkononi. Kisha akamgeukia Amissi. "Umelala vipi huko?"

"Kwa ubavu wa kuume. Naangalia Kibla."

"Na Vainqueur yuko upande gani?"

"Wa Kibla."

"Kwa hiyo unamwangalia yeye."

"Naangalia Kibla, patron. Yeye tu ndiye iko katikati."

Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Fadhila naye kicheko kilimfika kooni, mpaka alipoona jinsi Népomuscène anavyoandika mbiombio. Jaji akasema mshitakiwa amemkabili mwanachama uso kwa uso siku kumi na tatu, mchana na usiku, bila kugeuka. Akampa miaka ishirini.

"Ni mi nilisema bamulaze vile!" Fadhila akapiga kelele. "Munifunge mi!"

Askari akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Jino likaanguka chini, na Népomuscène akamwambia aliokote.

Tangu hapo, kila Ijumaa wake za wafungwa hupanga foleni kwenye lango la gereza na sufuria za maharage. Fadhila huja na ndoo ya maji ya moto, sabuni, karafuu maiti na pamba mpya. Mlinzi huyakoroga maji kwa fimbo kutafuta kisu, halafu humpitisha hadi nyuma ya jiko, kwenye sakafu ya saruji, ambako Amissi amelazwa. Kila Jumatatu Amissi huulizwa habari za majirani zake, nani amelala wapi, nani aliletwa wiki ile, na hupigwa rungu hadi anakufa, kabla ya adhuhuri kama mara ya kwanza. Mwezi wa kwanza alitaja watatu. Nyumba zao zilichomwa, na Ernestine, mjane wa mmoja wao, alikokotwa kwa nywele kutoka Kamenge. Sasa yumo upande wa wanawake, mkono mmoja hauinuki.

Kinywani mwa mumewe, Fadhila alikuwa hatii pamba tena. Alikuwa akikiacha wazi kwa ajili yake mwenyewe, apate kuulizwa habari za Yasmina na bei ya samaki wa ndagala sokoni. Ndiyo raha pekee aliyobakiwa nayo.

Ijumaa ya tano alikuwa anamsuuza bega, Amissi akasema, "Mama Yasmina, tia pamba."

"Nilishatia mu pua."

"Mu kinywa. Tia mingi. Jumatatu banarudi."

Fadhila akakaa na pamba mkononi. "Sema kwanza," akamwambia. "Sema kitu."

Amissi akafikiri. "Maji ya leo ilikuwa moto muzuri."

Fadhila akasukuma pamba mpaka kidole kikagusa koo, akaongeza nyingine, akafunga taya kwa mafundo mawili. Mlinzi akaita mke wa mfungwa anayefuata.