Darasa Kwenye Mahame

Mwalimu Modestus hakuwa na mabati juu ya madarasa mawili, hakuwa na mabuti, hakuwa na Kikurya cha kuombea hata maji, wala hakuwa na mke karibu. Stefania alikuwa Bukoba na mtoto wao, aliyemjua baba yake kwa simu tu. Alichokuwa nacho ni barua ya uhamisho wa kwenda huko Bukoba, ambayo ilisubiri jibu lake.

Kila masika mto uliwafungia ng'ambo watoto wa darasa la saba. Mwaka jana mmoja alijaribu kuvuka, maji yakamchukua. Kwa hiyo Modestus alitaka darasa hukohuko ng'ambo kabla ya mvua. Kijiji kilimpa sehemu pekee iliyoinuka, mahame ya marehemu Simioni, mji wake uliobaki bila mtu tangu afe. Akasimika nguzo. Kesho yake akazikuta zimeng'olewa na kupangwa vizuri kando ya njia.

Akamfuata Nyamhanga, mtoto mkubwa wa marehemu, akamkuta anakamua ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata nguzo?"

"Nimefuata ruhusa. Kijiji kilikubali."

"Pale hakikuzikwa kijiji. Amezikwa baba." Nyamhanga hakuacha kukamua. "Mji uliozimika haufunguliwi na watoto, mwalimu. Unafunguliwa na mtu mzima. Anawasha moto, analala pale mpaka mvua ziishe."

"Si ulale wewe?"

"Nina mji wangu. Mtoto harudi kulala kwenye mahame ya baba yake. Mgeni anaweza. Ila nyie Wahaya bila migomba hamlali."

"Mvua zinaisha mwezi wa tano."

"Wa sita, zikikasirika."

"Na asipopatikana wa kulala?"

"Watoto watavuka. Au hawatavuka."

Modestus alijua nafasi ya Bukoba haingesubiri mpaka mwezi wa sita. Alirudi njiani, akaanza kupandisha nguzo moja moja, akipumzika kila mara. Jioni akampigia Stefania, akamweleza yote, na kwamba atalala mahameni mpaka mvua ziishe.

"Umeshaamua. Unanipigia ya nini?"

"Usije ukasikia kwa mtu mwingine."

"Funika kifua, basi, huko kwenye matope."

Akamwandikia mkurugenzi kwamba anashukuru, lakini anaomba kubaki, na kama lipo, anaomba turubai. Bahasha ilikuwa imekauka gundi. Akaibandika kwa ugali, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, akampa Erasto wa bodaboda aipeleke halmashauri.