Utepe Nyuma ya Tangi la Tatu

Kwa siku ishirini na moja nilipima maji ya bahari, asubuhi na jioni, na kila mara jibu lilikuwa sifuri. Nalisema hili kwanza ili mtu asije akadhani nilikuwa nimelala. Sikulala. Nilikuwa kazini, nimevaa kizibao cha njano, nikijaza fomu kwa wino wa bluu kwa sababu wino mweusi ulikatazwa.

Naitwa Masalu, ni mkaguzi wa mionzi. Eneo langu linaanzia Kishapu kwenye pamba na ng'ombe, linapita Shinyanga mjini na kwenda mpaka migodi ya Geita. Kwa eneo lote hilo ofisi yetu ilikuwa na kipimo kimoja kinachofanya kazi. Cha pili kilipelekwa kutengenezwa mwaka juzi, na kila nikiulizia naambiwa kiko njiani. Mimi njia hiyo siijui, na sidhani kama wao wanaijua.

Mwezi wa saba nilipigiwa simu na Charles, msimamizi wa mtambo mmoja wa kuchenjua dhahabu karibu na Masumbwe.

"Mkaguzi, ule mkebe wetu umegoma kufunga."

Mkebe wenyewe ni chuma kizito, ukubwa wa ndoo ndogo, unaofungwa ubavuni mwa bomba linalopitisha tope la mawe yaliyosagwa. Ndani, katikati ya risasi nene, madini yanayozuia mionzi, kuna chembe ya sesiamu isiyozidi punje ya uwele. Chembe hiyo hutoa mionzi inayopenya bomba, na mashine ya upande wa pili husoma tope ni zito kiasi gani. Upo mpini wa kufungia: ukiugeuza, mionzi inabaki ndani, na mtu anaweza kufanya kazi pale bila wasiwasi. Sasa mafundi wa Charles walikuwa wamebadilisha bomba bila kuniambia. Wakaung'oa mkebe, wakaufunga kwa waya kwenye nguzo ya chuma nyuma ya tangi la tatu, na walipogeuza mpini ukakatika ukiwa wazi. Nilimtukana Charles kwa simu, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza.

Nilikuwa napakia sanduku la risasi kwenye gari, niende nikauzime mkebe ule, simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Marwa, mkubwa wangu wa makao makuu.

"Masalu, lete kipimo. Lete sanduku la risasi, lete na vibao vyote vya tahadhari. Kuna meli ya kivita ya wageni inakuja bandarini. Injini yake ni ya nyuklia."

"Mzee, nina mkebe uko wazi Masumbwe."

"Mkebe una miguu?"

"Hauna."

"Basi utaukuta. Meli inaondoka baada ya wiki tatu. Serikali imeweka sahihi kwamba tutapima kabla haijaja, ikiwepo, na ikishaondoka. Ukikosekana ukurasa mmoja, dunia nzima itatucheka."

Ningeweza kukataa. Watu wananiuliza mbona sikukataa, na mimi pia najiuliza. Ningeweza kuandika amri ya kuufunga mtambo, lakini amri hiyo huhitaji sahihi ya Marwa, na Marwa alikuwa bandarini akipokea meli. Nikaomba siku moja tu. Sanduku la risasi na vibao vikatangulia na gari la ofisi, mimi nikapita Masumbwe na kipimo mkononi.

Nilipima vizuri, na hakuna atakayenishtaki kwa hilo. Nilizunguka nguzo ile hatua kwa hatua mpaka nikapata mahali ambapo mtu angeweza kusimama bila madhara, nikafunga utepe mwekundu na mweupe mita sita pande zote zilizo wazi. Nilipotaka kibao nikakumbuka kwamba vibao vyetu vya njano vilikuwa barabarani kuelekea pwani. Charles akachakura stoo, akarudi na kibao cha transfoma: fuvu la mtu, mifupa miwili, na maneno HATARI! USIGUSE.

"Hiki kinatosha, mkaguzi?"

"Kinatosha," nilimjibu. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu mimi.

"Huku nyuma anapita nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu. Njia inaishia kwenye ukuta wa bati."

"Hata wa kujisaidia?"

"Hao wanakwenda kule vichakani. Huku hakuna anayefuata kitu."

Nikakusanya watu wa zamu, wanaume kama thelathini, nikawaeleza habari ya mkebe kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma. Wakaitikia. Mmoja akauliza kama ni kweli mionzi inaua nguvu za kiume, nikamwambia ikae hivyo hivyo kichwani mwake. Wakacheka sana. Niliondoka nikiamini hakuna mwanamume wa mtambo ule atakayevuka utepe wangu, na kweli hakuna aliyevuka.

Huko pwani niliona kazi inavyofanywa. Tulipima maji sehemu saba, tukapima tope la chini, tukapima samaki mpaka matumbo yake. Kila fomu ilikuwa na sahihi mbili, ya kwetu na ya kwao. Ofisa wao mmoja, mtu mpole mwenye nywele fupi za mvi, alinieleza kupitia mkalimani jinsi wanavyoilinda mitambo ya meli zao. Kila baharia huvaa kifuani kibanio kinachohesabu mionzi anayopata. Hesabu yake hutunzwa mpaka siku atakapokufa. Ipo ofisi nzima ya serikali isiyofanya kingine, na mkuu wake hukaa miaka mingi kitini ili lolote likiharibika asipate wa kumsingizia. Baharia anayelala hatua chache kutoka kwenye tanuri la nyuklia, aliniambia, hupata mionzi pungufu ya mkulima anayeshinda shambani.

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Niliona wivu. Nilitamani serikali ingekuja siku moja ikamtazama mtu wa Masumbwe kwa jicho lile walilomtazamia samaki wa bandarini.

Mara tatu nilimpigia Charles.

"Utepe upo?"

"Upo, mkaguzi. Haujakatika hata kidogo."

Alikuwa anasema kweli. Siku ya ishirini na mbili meli ilikwishaondoka, Marwa akanipa mkono, akasema taarifa yetu imesifiwa na mabalozi. Nilichukua kipimo na sanduku la risasi, nikapanda gari, sikulala njiani ila mara moja. Ilikuwa saa nne asubuhi nilipoingia getini.

Utepe ulikuwa vilevile nilivyoufunga, hata mafundo yalikuwa yangu. Kibao kilikuwa kimening'inia palepale. Nilianza kujipongeza kimoyomoyo. Kisha nikatazama ndani ya utepe.

Pale chini ya nguzo palikuwa na ndoo iliyopinduliwa, juu yake khanga imekunjwa vizuri mara nne. Pembeni kulikuwa na kikombe cha plastiki kimefunikwa kwa sahani. Nguzo ilikuwa na vumbi la mtambo kutoka juu mpaka chini, isipokuwa sehemu moja, chini kidogo ya mkebe, iliyokuwa inang'aa. Mtu alikuwa anaegemea pale. Nguo yake ndiyo iliyofuta vumbi.

Nilimwita Charles kwa sauti ambayo sikuijua. Alikuja mbio, akaona, akashika kichwa.

"Nani anakaa hapa?"

"Sijui, mkaguzi. Haki ya Mungu sijui."

Na kweli hakujua, kwa sababu alikuwa mwanamume mtiifu na hakusogea upande ule. Tukaenda kuuliza. Wanaume wote wakatikisa vichwa. Wanawake walikuwa wanne kwenye mtambo mzima, wanakunja magunia karibu na mlango, na siku ile ya hotuba hakuna aliyewaita. Wakatazamana. Mmoja akainuka, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Violeth. Mama Kudra." Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano hivi, na lafudhi yake ilikuwa ya kwetu Kishapu. "Ile ndoo ni yangu. Kama nimekosea nisameheni."

Nikamwomba akae, akakataa kukaa mbele yangu. Nikamuuliza alianza lini kwenda kule.

"Nilipotoka likizo ya uzazi. Jumatatu ya wiki ile."

Nilikuwa nimeondoka Masumbwe Jumamosi. Hotuba yangu yote, ya Kiswahili na ya Kisukuma, alikuwa hakuisikia.

"Ulikuwa unafanya nini kule, mama?"

Aliinamisha macho. Charles akataka kujibu badala yake, nikamnyamazisha kwa mkono. Mwanamke mwenzake mmoja aliyekuwa amebaki amekaa ndiye aliyesema.

"Anakamua maziwa ya mtoto. Akamulie wapi? Muda wa kukamua alipewa, chumba hakupewa. Chooni kunanuka, stoo wanaingia wanaume. Hata kwenye gari alijaribu, wakamchungulia."

"Kule hawaji," akasema Violeth taratibu. "Wote wanaogopa ule utepe. Ndiyo nikaona Mungu amenipa mahali."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno lililoniumiza kama hilo. Mimi ndiye niliyemjengea kile chumba. Nilikifunga kwa mikono yangu, pande zote zilizo wazi, nikawafukuza wanaume wote ili akae peke yake na mkebe.

"Hukukiona kibao?"

"Nilikiona, baba. Kimeandikwa usiguse. Sikugusa kitu. Napita chini ya utepe polepole usikatike, nakaa, naegemea nguzo, namaliza natoka. Ule mkebe sijaugusa hata siku moja."

Alikuwa anajitetea kama mtu anayedhaniwa mwizi. Nikamwambia najua hakugusa. Nikamuuliza kwa siku mara ngapi. Mara mbili, akasema, saa nne na saa nane, kila mara kama nusu saa, maziwa yake yanatoka kwa shida. Siku sita kwa wiki, kwa wiki tatu. Sikuhitaji karatasi. Zilikuwa saa kumi na nane, mgongo ukiwa umbali wa kiganja kutoka kwenye tundu lililo wazi. Yule ofisa wa meli, mwenye hesabu za mabaharia wake wote, asingekuwa na nambari kama hiyo kwenye vitabu vyake, na mtu akimletea angeamka na ofisi nzima. Violeth hakuwa na kibanio kifuani. Hesabu yake niliibeba mimi peke yangu, kichwani, nimesimama juani.

"Mgongo ukoje?"

Alishangaa nimejuaje. "Unawaka tangu juzi. Nilidhani ni joto, au sabuni mpya. Dada alinipaka mafuta ya nazi."

Nikamwomba yule mwenzake amtazame, wakaenda nyuma ya magunia. Alirudi mwenzake peke yake kwanza. Akanionyesha kwa kidole kwenye kiganja chake: wekundu, akasema, mviringo, ukubwa wa sahani ya chai, katikati panaanza kuwa peusi.

Nimesoma vitabu, najua kinachofuata. Ngozi ile itafunguka wiki ijayo au ile nyingine, na haitafunga. Damu itapungua nguvu. Nilijua hospitali ya rufaa iko wapi na nilijua hawana dawa ya kitu hiki, wana vitanda tu na watu wema. Nilijua pia kwamba nikiandika taarifa, Marwa atauliza kwanza kama utepe ulikuwepo, nami itanibidi niandike kwamba ulikuwepo. Nilitaka kukaa chini palepale kwenye vumbi nilie, lakini walikuwa wananitazama.

Violeth akatoka nyuma ya magunia anafunga kitenge. Uso wake ulikuwa umebadilika, alikuwa ameelewa kwamba jambo hili si la ndoo. Akanisogelea karibu, akashusha sauti.

"Baba, sema kweli. Ule mkebe una sumu?"

"Una mionzi, mama. Ni kama sumu."

"Na maziwa? Mtoto ameyanywa yale maziwa. Wiki zote tatu amekunywa. Naweka kwenye termosi na barafu, bibi yake anampa."

Hili nilikuwa na jibu lake, na ndilo jibu pekee jema nililokuwa nalo siku ile. Nikalitoa haraka, kama mtu anayetupa mzigo.

"Maziwa hayana neno. Mionzi ya mkebe ule inapita, haibaki kwenye maziwa. Kudra hana kitu. Mtoto ni mzima."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Naapa."

Alijishika kifua kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yanamtoka. Akapiga goti, akanishika mkono. "Wabeja, baba. Wabeja sana. Mungu akuzidishie." Kisha, kabla sijafungua mdomo, akawageukia wenzake na kuwapazia sauti kwamba mtoto ni mzima, mkaguzi ameapa, maziwa hayana neno.

Wale wanawake watatu wakaacha magunia, wakapiga vigelegele. Charles akavua kofia akajipangusa jasho, akanitazama kwa shukrani, akidhani yamekwisha. Violeth alikuwa katikati yao, wanampigapiga mgongoni kwa furaha, naye anakunja uso kwa maumivu na kucheka.

Nikasimama pale na kipimo changu, nikingoja vigelegele viishe ndipo nimwambie habari yake mwenyewe.