Vanila Juu ya Uvundo

Wewe uliisikia ile harufu. Ulifungua pakiti, pua ikakushtua, ukageuza shingo kando na kuendelea kukoroga uji. Usiseme hukujua. Basi kaa usikie ya mwenzako, maana hamjapishana sana.

Kwenye kiwanda cha unga wa uji wa watoto walimvika kilemba cha ukoka wakamwita Fundi Pua, naye akakivaa hata kitandani. Kazi yake ilikuwa kuchanganya vionjo na harufu. Msimu ule karanga za kiwanda zilichacha ghalani hadi zikanuka kama rangi ya mlango. Kuzitupa? Meneja alicheka, akamwambia atie vanila.

Na Fundi alijua namna ya kutia. Harufu mbili zikikutana hazijumlishwi kama mawe ya mzani. Moja huikalia nyingine kifuani, na ile iliyokaliwa, ikiwa hafifu, huinenepesha ile ya juu. Vanila yenye uvundo kidogo chini yake ilinukia tamu kuliko vanila peke yake. Wanusaji wa kiwanda, waheshimiwa wa chumba chenye kiyoyozi, waliusifu unga ungali mkavu. Jiko la majaribio walishaliondoa zamani, eti linawatoa jasho. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto halambi unga mkavu. Kwenye maji moto uvundo hupanda kwanza, vanila inabaki chini inazubaa.

Jioni moja Fundi alipita kwa dada yake. Mpwa wake alikuwa amekonda, shingo kama bua. Kila kijiko alikitema. Mama mtu alimbana mashavu, akamwita mwenye madaha, akauliza anataka mpishi gani tena, wakati unga wenyewe unatoka mikononi mwa mjomba wake. Fundi akainama juu ya sufuria. Mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma.

"Usimpe huyu," alisema polepole.

Dada akaweka kijiko chini, akataka kujua kwa nini. Fundi akajiumauma, akataja karanga, akataja vanila, akamsingizia meneja yote. Mwisho akamwomba maneno hayo yasitoke humo ndani.

"Na watoto wa wenzangu je, kaka?"

"Dada, mimi nina kazi."

"Ulikuwa na pua pia."

Huo ndio ushujaa wake wote: aliokoa kinywa kimoja, cha damu yake, na asubuhi akarudi kiwandani kuvilisha vingine. Alitia vanila kwa mkono uleule.

Dada hakumsubiri. Jioni ileile alimfunga mtoto mgongoni, akashika sufuria kwa kitambaa, ikifuka mvuke, akabisha kwa jirani wa kwanza, kisha wa pili. Kila aliyenusa alikunja uso. Mmoja akasema yeye siku zote alihisi hivyo, ila alidhani ni sufuria yake haikusuguliwa vizuri.

Huyo ni wewe.

Sasa inuka. Chemsha maji, koroga huo unga ulio kabatini, nusa mvuke wake. Uji huo ukinuka, upeleke dukani ungali moto, uutue juu ya meza ya muuzaji mbele ya wateja wote, na usiondoke mpaka pakiti zishushwe kutoka kwenye rafu. Usiseme kesho. Kuna mtoto anabanwa mashavu jioni hii.