Nafasi Katika Begi la Khadga

Khadga alikubali haraka mno. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Tulikuwa mgahawani kwa Dilkumari, mjane wa mdogo wangu, katika uchochoro wetu wa Jorpati, pembeni mwa mji. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani, pembe zake zimebanwa kwa vikombe vya chai. Khadga ni kiongozi wa safari za milimani, na alikuwa amepata wageni wawili, mume na mke, waliotaka kuzunguka milima ya Khumbu kwa wiki tatu na zaidi, wakilala kwenye nyumba za chai na kuvuka penyo za juu kabisa kati ya vilele. Alihitaji wapagazi wawili. Mmoja angekuwa binti yangu, Mendo.

Nilianza na viatu. Nimepigania viatu vya wapagazi tangu Mendo hajazaliwa. Nimetolewa maofisini nikishikwa ukosi kwa sababu ya viatu. Sijawahi kumwona kiongozi anayekubali viatu kabla chai haijapoa.

"Viatu vya theluji kwa kila mpagazi," nikasema.

"Sawa, kaka."

"Jaketi nzito. Miwani. Bima."

"Sawa."

"Na walale ndani, si bandani na mifugo."

"Kaka Jitman, nimeshasema sawa. Wewe hata chai ukipewa unauliza nani kaikoroga."

"Nani kaikoroga?"

"Mimi, shemeji," Dilkumari akajibu kutoka jikoni, alikokuwa akikunja momo, vile vifurushi vya unga na nyama. "Na nimeitemea mate kidogo, ili upate la kulalamikia."

Mendo alicheka pamoja na Khadga. Sikupenda jinsi walivyocheka pamoja. Binti yangu anataka leseni ya kuongoza safari, na ili aipate lazima kwanza apande na kiongozi anayejulikana, halafu kiongozi huyo amsemee. Khadga anajulikana. Basi kwake kila neno la Khadga lilikuwa asali.

"Baba, mtu akikataa unaandamana, akikubali unanuna," alisema. "Afanye nini sasa?"

"Anionyeshe njia."

Khadga akapitisha kidole kwenye ramani. Ndege hadi Lukla. Kisha Namche, walale. Kesho yake wapande moja kwa moja hadi Lungden, na asubuhi inayofuata wavuke upenyo wa Renjo, washukie kwenye maziwa ya Gokyo. Huko kwingine akapitisha kidole mbiombio, kama mtu anayesoma gazeti la jana.

"Namche hawapumziki?" nikauliza.

"Wageni wana nguvu. Wanakimbia mbio ndefu huko kwao."

"Thame je? Miili izoee wapi hewa nyembamba?"

"Itazoea njiani."

Yeyote aliyewahi kuweka mkanda wa kapu kwenye paji la uso anajua kwamba ukimpandisha mgeni hivyo, atafika Gokyo kichwa kikimpasuka na chakula hakikai tumboni. Na mgeni akiwa katika hali hiyo humwamini yeyote anayemwambia kwamba asiposhuka leo atakufa. Helikopta inaitwa. Bima ya huko kwao inalipa. Wenye helikopta wanamkumbuka kwa bahasha aliyewapigia simu, na bosi wa Khadga, anayekaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, anakumbukwa kuliko wote. Sisemi kila helikopta ni hila. Zipo zilizookoa watu, wagonjwa wa kweli. Ninasema tu kwamba nyingine zinapangwa mezani, juu ya ramani, wageni wakiwa bado wananunua kofia mjini.

Na mpagazi? Mpagazi yuko nyuma na mzigo, bado upande wa pili wa upenyo. Hivyo ndivyo mdogo wangu Sukman alivyobaki. Wageni walipaa, kiongozi akapaa nao akisema lazima awasindikize hospitali. Sukman hakujua. Alivuka na mzigo wao, theluji ikamkuta na viatu vya turubai. Walimkuta ameketi, mkanda bado uko kwenye paji. Ofisi ilisema alikuwa amelewa. Sukman hakuwahi kuonja pombe, alikuwa akiitapika hata ya matambiko. Dilkumari alilisikia neno hilo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ile, na mimi nilikuwa kando yake. Sijalisahau wala sitalisahau.

Basi nilitaka kujua jambo moja tu: Khadga alikuwa anapanga kurudi na binti yangu, au bila yeye?

Ukimuuliza mtu swali kama hilo, atakujibu unachotaka kusikia. Nikala momo, na macho yangu yakatua kwenye begi la bluu lililokuwa kwenye rafu, chini ya picha ya Sukman.

Gari la kuelekea uwanja wa ndege wa Manthali lilikuwa liondoke Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mkosi, mtu wa kwetu haanzi safari. Lakini ndege haijali. Kwa hiyo watu hufanya kama wazee walivyofanya: siku njema, saa njema, mtu huchukua vitu vyake anavyosafiri navyo na kuviweka nyumba nyingine, upande ule anakoelekea. Vikishatoka, yeye naye ameshatoka. Jumamosi anavipitia tu. Khadga anaishi mwisho wa uchochoro, na nyumba ya Dilkumari iko mashariki yake, kwenye njia ya Khumbu. Alileta begi Alhamisi, pamoja na punje za mchele na tambuu, akaligusisha kwenye paji lake.

Maana Khadga ni mtu wa dini. Haondoki nyumbani bila alama nyekundu usoni. Paka akimkatia njia anarudi nyuma, anakunywa maji, anaanza upya. Mungu wa Khadga ni wa saa na siku. Sijui kama ni wa watu.

"Mendo," nikasema, "vua shali yako."

"Kwa nini?"

"Wewe pia unaondoka Jumamosi. Hatujakutolea kitu. Mpe kaka yako Khadga aiweke kwenye begi lake, mtoke pamoja na mrudi pamoja."

Mendo akavua shali, hakuona ubaya. Khadga hakunyoosha mkono.

"Kila mtu ana saa yake, kaka," akasema. "Begi limeshafungwa na saa yangu. Huwezi kuchanganya."

"Mbona mwaka juzi uliweka kandambili za mkeo humohumo mlipokuwa mnakwenda Janakpur?" Dilkumari alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Nilizipokea mimi. Ulisema mkiwa begi moja, njia ni moja."

"Yule ni mke wangu."

"Na huyu ni mpagazi wako."

"Shemeji, haya ni mambo ya dini, usiyafanye siasa kama Jitman."

"Mimi nauliza begi tu. Lina nafasi au halina?"

Khadga akalitazama begi. Kisha akaitazama ramani. Angeweza kuidanganya ofisi, bima, wageni, na mimi pia, na usiku angelala vizuri. Lakini kulidanganya begi lililokwisha kutoka katika saa njema, kufunga vitu vya watu wawili pamoja huku anajua atamwacha mmoja juu ya theluji, hilo lilimwia zito. Chai yake ikafanya utando juu.

"Haya," akasema hatimaye. "Mpe. Weka."

Mendo hakumpa. Alikuwa amesimama na shali mkononi, na ule uso wa asali ulikuwa umemtoka.

"Viatu ulikubali baba hajamaliza kusema," alisema polepole. "Shali umeifikiria muda wote huu."

"Mendo, dada yangu, nimesema weka."

"Nimesikia. Ulichokuwa unapima ni nini?"

Mendo akajifunga shali yake mabegani, akachukua vikombe vilivyobana ramani, na ramani ikajikunja yenyewe. Alikwenda navyo jikoni. Nilisikia maji, halafu sikusikia maji. Leseni alikuwa ameitaka kwa miaka mingi, na mimi baba yake nilikuwa nimemwondolea mtu wa kumsemea. Dilkumari alimfuata. Niliwaacha.

Khadga hakukata tamaa. Kabla jua halijazama alikuwa na wapagazi wengine wawili, ndugu kutoka vilima vya Bhojpur, wageni kabisa mjini. Alidhani mimi ninamlinda binti yangu peke yake. Hapo alikosea. Niliwakuta kwenye kituo cha malori wakila wali na dengu, nikaketi nao. Sikuwahutubia. Niliwaeleza habari za Sukman, nikawaambia neno moja la kumwomba kiongozi wao.

Jumamosi Khadga alipokuja kulipitia begi, ndugu wale wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la Dilkumari, kofia zao magotini.

"Kaka," mkubwa akasema kwa adabu, "tumeambiwa begi lako lina baraka. Tuwekee hizi kofia, twende pamoja turudi pamoja."

Khadga alinitazama mimi. Nilikuwa nakoroga chai yangu. Nje, gari lilipiga honi, na wageni wale mume na mke walikuwa wakitupungia mikono dirishani, wakidhani tunawaaga.

Alitoka bila kulichukua, akashika njia ya kurudi kwake. Wageni na ndugu wale walipanda na kiongozi mwingine, aliyepatikana palepale kwa simu. Huyo aliziweka kofia zao mfukoni mwake bila kuuliza kitu, na nimesikia walilala Thame hadi vichwa vikatulia. Mendo bado anatafuta wa kumsemea.

Begi lingali kwenye rafu, chini ya picha. Khadga hawezi kulirudisha nyumbani kwake, maana lilishaanza safari, na hakuna safari ya kulipeleka. Dilkumari akipangusa vumbi analisogeza kidogo, anapangusa, analirudisha.