Daraja la Maumivu

Kanisani, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, Mulenda aliwasalimu watu kwa mkono ulionyooka kama mwiko, asije mtu akamgusisha kichwa kwa kichwa kama wanavyosalimiana kwao Fizi, Kongo. Wengi walidhani ana majivuno. Ukweli ni kwamba tangu enzi za uaskari, alipopigwa kitako cha bunduki, mshipa wa fahamu wa shavu la kushoto ulimchoma hata kwa upepo. Alikuwa bingwa wa kuugua kimyakimya, na ubingwa huo ulimponza: mwaka jana daktari wa shirika la wakimbizi alimpa daraja la chini kabisa la ulemavu, daraja lisilo na dawa.

Ndiyo maana safari hii mkewe, Véronique, alimsindikiza kwa daktari huyo mpaka Kawale, mjini Lilongwe, akimhubiria njia nzima.

"We papa, leo useme kweli. Usiniletee tena mambo ya kambi ya basoda, ati askari haumwi."

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Lakini daktari alikuwa na koti lililonyooshwa kwa pasi na sauti ya mkuu wa kikosi. Mkalimani, Lwaboshi, alipotafsiri swali, maumivu ni mangapi kutoka sifuri hadi kumi, Mulenda alijikuta amesimama wima, visigino vimegongana.

"Mbili, docteur. Niko muzima!"

Véronique alijishika kichwa. Daktari akaandika daraja lilelile. Lwaboshi, kwa furaha ya kumpata mtu wa nyumbani, akainuka kumuaga kwa heshima zote: kichwa kwa kichwa, kulia, kisha kushoto.

Mulenda hakupiga kelele. Alibaki wima, akitabasamu, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Daktari akaweka kalamu chini.

"Na hiyo ilikuwa ngapi?"

Lwaboshi alitafsiri kwa aibu.

"Papa," Véronique akasema taratibu, "hapa hakuna mutu anapewa medali."

Mulenda aliona haya, kisha akachoka kuona haya. Akaketi.

"Kumi," alisema. "Kila siku kumi. Ata kutafuna nsima, ugali wa huku, mi naogopa."

Maneno yalipomtoka alijisikia mwepesi, nusura acheke. Daktari akafuta alichoandika, akaandika upya, akavuta karatasi ya dawa.

Nje upepo ulikuwa ukitimua vumbi. Véronique alifungua kitenge chake cha begani akaanza kumzungushia usoni, pamoja na maua yake mekundu. Wauza nyanya wa kando ya njia wakaangua kicheko. Mulenda naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, akainama ili mkewe amfikie vizuri.