Bega la Rhoda

"Shemeji, mbona hii bunduki ya Garland inakohoa?"

Lonzo Hensley aliuliza hivyo siku ya Ijumaa, amesimama nyuma ya karakana ya marehemu, kofia kaisukuma kisogoni, uso kauelekeza kwenye tuta la udongo alilokuwa Garland akilipiga shabaha tangu aoe. Lonzo alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, wakisali kanisa moja. Hakuja kwa ubaya. Orlena, mjane wa Garland, ndiye aliyemwita aikague bunduki, kwa sababu kesho yake Rhoda angekuja, na alitaka kila kitu kiwe sawa.

Rhoda alikuwa mtoto wao wa pekee, naye alikuwa na miaka mingi hajakanyaga pale. Hata siku ya mazishi ya baba yake alisimama karibu na mlango wa kanisa, akaondoka kabla ya chakula.

Zamani haikuwa hivyo. Kila Jumamosi baba na binti walikuwa nyuma ya karakana wakishindana kutoboa makopo, na aliyeshindwa alilisha kuku. Kisha ikaja ile siku ya pikapu. Garland alikuwa anaendesha huku anabishana na binti yake, hasira zikampanda, akakanyaga mafuta kwenye kona, gari likaingia mtaroni. Yeye hakupata hata mchubuko. Rhoda alivunjika mtulinga wa kulia, mfupa wa kati ya shingo na bega, ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kuweka kitako cha bunduki begani.

Garland hakumwambia pole. Alikuwa mtu wa kujenga uzio wa jirani bila kuombwa, lakini neno hilo lilimkwama kooni. Basi Orlena akawa analisema kwa niaba yake. Akimpigia Rhoda simu alimwambia baba yako anasema pole, baba yako amelia jana, na Garland yupo kibarazani anamenya karanga, hajasema kitu. Orlena alimwomba Mungu msamaha kwa uongo ule kila alipopiga magoti, na kila alipoinuka aliurudia, akiamini kwamba anapatanisha. Mpaka siku moja Rhoda akaomba apewe baba mwenyewe kwenye simu. Akamuuliza kama ni kweli alisema pole. Garland akashtuka, akajibu, "Nani kakwambia hivyo?" Rhoda akakata simu. Toka siku hiyo, chochote alichosema mama juu ya baba, kwake kilikuwa ni hewa.

Majira ya baridi ya mwisho, mapafu ya Garland yakiwa yamekwisha, aliingia karakanani na mrija wa oksijeni puani na bunduki fupi mkononi. Bunduki ya mtutu mfupi ina hasira. Moshi wa risasi unaorudi ndani kusukuma vyuma unarudi kwa nguvu, na mpigaji anaipata begani. Garland aliufinya mlango wa moshi, tundu unamopitia, kwa skrubu ndogo, akabadilisha springi na uzito uliomo ndani ya kitako, akatoka nje akapiga, akarudi. Risasi alizitengeneza mwenyewe mezani, akiipimia kila moja baruti yake. Orlena alimwona kutoka dirisha la jikoni: anapiga moja, anaweka vidole chini ya mtulinga wake, anatikisa kichwa. "Bado," alikuwa akisema akiingia kunywa kahawa. Siku nyingine bado. Hata ikafika siku maganda ya risasi, yaliyokuwa yakiruka mbali, yalidondoka taratibu karibu na buti zake, na yeye akasimama palepale akitabasamu peke yake.

"Hii ni ya Rhoda," alimwambia mkewe jioni ile. "Mwambie aipige kwanza, kabla hajasema lolote." Hakueleza zaidi, na Orlena hakuuliza. Akafa kabla miti haijachanua, na karatasi za serikali zinazotakiwa kisheria kuihamisha bunduki fupi kwa jina la Rhoda zikachukua mpaka vuli.

Sasa Lonzo alikuwa ameijaribu kwa risasi za dukani alizokuja nazo mfukoni, na kila akipiga mbili inakwama. Akaifungua juu ya meza ya marehemu, akasikitika. Alisema mlango wa moshi umebanwa mpaka bunduki haipumui, na uzito wa kitakoni ni mwepesi kama wa kuchezea watoto.

"Mgonjwa alikuwa haoni vizuri, shemeji. Mtoto akija ikamkwamia mkononi, atasema baba kamwachia chuma kibovu."

Hilo ndilo lililomshinda Orlena. Akamwambia atengeneze. Lonzo akaifungua skrubu, akatia uzito mkubwa na springi ngumu, akapiga tena. Ikanguruma bila kukwama, maganda yakiruka hadi kwenye uzio. Orlena aliyaangalia maganda yale. Ya Garland yalidondoka miguuni. Alifungua mdomo, kisha akajiambia mimi najua nini cha bunduki, akaenda kumkatia Lonzo pai ya tufaha.

Jumamosi Rhoda alikuja. Alikula maharage na mkate wa mahindi bila kuvua koti. Orlena alipompa ujumbe wa baba yake, alicheka kidogo.

"Mama, bega langu alikuwa analijua. Bunduki ya nini?"

"Risasi moja tu, mwanangu. Sikuombi kingine."

Labda ni kwa kuwa mama hakuongeza pambo safari hii. Rhoda aliinuka. Lonzo alikuwa karakanani akisubiri kuona kazi yake. Orlena alimpa binti risasi kutoka kopo la kahawa la Garland, na Rhoda akakiweka kitako kwenye bega la kulia, polepole, kama mtu anayeweka mguu kwenye maji asiyoyajua. Akapiga.

Bunduki ilimkita palepale. Alijikunja, mkono wa kushoto ukishika mtulinga, na kwa muda hakuweza kupumua. Akaingia karakanani, machozi yakimtoka, akailaza bunduki mezani.

"Nimepata ujumbe," alisema.

"Hakuiacha hivi," Orlena alisema. "Rhoda, nisikilize. Ilikuwa laini. Nilimwona baridi nzima akiilainisha."

"Mama, basi. Kafa, na bado unamsemea."

Lonzo alikuwa amechukua risasi moja kwenye kopo, akaigeuzageuza kiganjani, akamuuliza Orlena kama hizi Garland alizitengeneza mwenyewe. Orlena akasema zote. Uso wa Lonzo ukabadilika. Alisema bunduki haikuwa inakohoa. Ilikuwa imepimiwa risasi hizi, na bega moja tu, na yeye ameiharibu jana.

Rhoda akamtazama. "Na wewe mama kakupanga, mzee Lonzo?"

"Sijapangwa na mtu, binti yangu."

Orlena, aliyemlea, aliona kidevu cha Rhoda kikitetemeka, akajua bado kuna mlango, mwembamba, ila upo.

"Basi irudishe ilivyokuwa," Rhoda alisema. "Nitaipiga tena."

Lonzo akainama haraka mezani. Uzito mwepesi aliupata, springi ya zamani aliipata. Akashika kifunguo, akakiingiza kwenye skrubu ya mlango wa moshi, akazungusha kidogo, akarudisha, akazungusha tena. Mkono ukasimama.

"Sikuweka alama," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui Garland aliiacha wapi. Anajua yeye."

Orlena alitaka kusema neno. Maneno yote aliyokuwa nayo alishayatumia kwenye simu.

Rhoda alifunga kifungo cha juu cha koti, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Akapita kati yao wawili, akatoka.