Mzee wa Kinu Hajafa

Msusi alikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ilishinda vichwani mwa watu. Ndiyo maana alikubali baba yake awe msomaji. Riwaya ya mtihani ilikuwa nene, habari za kijana wa enzi za mapanga na farasi, mtoto wa mzee mwenye kinu cha kusaga nafaka, aliyetoroka kwao kwenda kumbebea ngao bwana mmoja wa vita. Msusi akikishika kitabu mwenyewe jioni, baada ya kusimama kutwa, ukurasa wa pili ulimkuta amelala. Na somo hili la fasihi alikwisha kulifeli mara mbili. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinamsubiri kwa sharti moja: afaulu fasihi.

Baba yake alikuwa amestaafu kazi ya kutangaza treni stesheni. Wateja walimwita Spika, naye hakuchukia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kukaushia nywele, akavaa miwani, akasoma kana kwamba kitabu kizima kinakaribia kuondoka na abiria hawajapanda. Mfalme alikuwa na sauti yake, farasi naye yake. Tatizo ni kwamba hakutulia. Kila baada ya aya alisimama kumgombeza mtu wa kitabuni.

"Kijana huyu hana adabu! Baba yake anamsemesha, yeye anafunga mizigo!"

"Baba, soma."

"Nasoma. Lakini umemsikia?"

"Nimemsikia. Mwenye mtihani ni mimi. Soma!"

Msusi alijua anayegombezwa si wa kitabuni peke yake. Kaka yake aliiacha kazi ya reli aliyotafutiwa kwa jasho, akafuata bendi, na Spika akamwambia pale pale mlangoni kwamba akivuka kizingiti asirudi. Miaka ikapita. Siku hizi alimwita "yule", na simu ya yule ikiita, mzee hukumbuka ghafla kwamba ana jambo la kufanya nje. Mchosho mtupu. Msusi ndiye aliyebebeshwa salamu za pande zote mbili, na hakuna aliyemuuliza kama mabega yanamuuma.

Walikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Kijana, sasa mtu mzima mwenye kovu shavuni, akarudi kwao. Mzee wa kinu akamkuta mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Umekonda. Ingia ndani." Mama Pacha, mteja wao wa siku zote, alilia mpaka akapewa taulo. Msusi naye akaukariri mwisho huo neno kwa neno.

Basi jana jioni mwalimu wa masomo ya jioni akarudisha karatasi za mtihani wa majaribio. Kwenye ya Msusi aliandika kwa wino mwekundu: "Umesoma kitabu gani?" Msusi, kwa kujiamini kwake, akasimama mbele ya darasa zima kumtetea mzee wa kinu. Mzee yuko hai! Amemsamehe mwanawe! Mwalimu hakubishana. Alifungua ukurasa wa mwisho, akampa asome mwenyewe. Wenzake walicheka mpaka wakalalia madawati.

Asubuhi aliingia saluni damu inamchemka. Mama Pacha alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Baba, mzee wa kinu amekufa."

Spika alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. "Nani kasema?"

"Kitabu kimesema!"

"Amekufa?" Mama Pacha aligeuka, nywele zikamponyoka Msusi. "Si alimwambia amekonda?"

"Tuliza kichwa, mama. Hakumwambia kitu. Alikuwa kaburini!" Akamgeukia baba yake. "Umetia chumvi kwenye mtihani wangu, baba! Wiki ijayo naingia chumba cha mtihani. Nikifeli tena nitasuka mpaka vidole vidondoke, halafu utakuja kunitangazia nini?"

"Mwandishi alikosea."

"Hawezi kukosea! Kitabu ni chake!"

"Angemwacha mzee aishi, angepungukiwa nini? Karatasi zilikuwepo."

Msusi alitamani kumrushia kitana. Watu wengine wana baba wanaosoma yaliyoandikwa!

"Nilijaribu," Spika alisema, sauti imeshuka. "Nilipitia peke yangu kwanza, kama nilivyokuwa napitia ratiba kabla ya kutangaza. Nikaona maneno ya mwisho ule hayatanitoka mdomoni."

Hapo ndipo hasira ilipomzidi Msusi, maana alielewa, na kuelewa kulimnyang'anya haki ya kupiga kelele.

"Soma sasa," alisema. "Mwisho wenyewe. Usiruke."

Spika alivaa miwani. Safari hii hakumpa mtu sauti. Alisoma kwamba gurudumu la kinu lilikuwa limesimama na mlango umepigiliwa misumari. Alisoma kwamba jirani alimwonyesha kijana kaburi. Kijana alikuwa amepanga maneno ya kumwambia baba yake njia nzima, akayasema yote pale, na majani hayakumjibu. Akafunga kitabu. Mama Pacha hakuomba taulo, alitazama tu sakafu.

"Yule," Spika alisema, "bado ana namba ile ile?"

Miaka yote hii Msusi alilisubiri swali hilo, na mzee amelileta leo, mtihani uko mlangoni, kichwa cha mtu kiko nusu, na mikono yote miwili imeshika nywele.

"Leo ndiyo umeona, baba? Leo?"

Mama Pacha hakusubiri wamalize ugomvi. Alichomoa simu kwenye mfuko wa aproni ya Msusi, akamshikia usoni mpaka ikafunguka, akabonyeza penye jina la kaka, akamkabidhi mzee.

"Dada, vipi?" sauti ikatoka.

Spika alisimama wima, kama zamani mbele ya kipaza sauti. Mtu aliyetangaza treni maisha yake yote alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Umekonda?" aliuliza.

Upande wa pili mtu mzima akasema, "Baba?" kwa sauti ya mtoto.

Msusi aliendelea kusuka, bado amekasirika, machozi yakimdondokea Mama Pacha kichwani, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.